Mafuta Kwanza, Rangi Baadaye

Leo nimeaibika. Si aibu ndogo ya kuteleza kwenye ganda la ndizi ukainuka ukajipangusa. Hii ni aibu ya mbele ya watu mia tatu, mchungaji mmoja na mpiga picha. (Sawa, watu walikuwa kama themanini. Lakini walikuwa na macho ya watu mia tatu.)

Niko hapa saiba ya River Road, kitambaa kichwani, joho ndani ya juala, na huyu mama wa kompyuta ya jirani anajifanya anasoma barua zake na hali anasoma zangu. Mama, soma tu. Nimesema niwaandikie nyinyi marafiki wa baraza letu la mtandaoni mapema, kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana watu wengine wataongeza chumvi. Mimi nitawapa ukweli mtupu. Chumvi nitaweka kidogo tu, mimi ni mpishi.

Nianze na habari njema, kwa sababu ipo na ni kubwa kuliko ile mbaya. Nimehitimu! Mimi, Rispa Awinja, mpishi wa nyumba moja kule Loresho, mkaazi wa Kangemi, mama wa watatu na nyanya wa mmoja, nina Cheti cha Mapishi na Usimamizi wa Jiko. Miaka miwili nimetoka kazini jioni, nimepanda ngazi za ghorofa ya nne hapa mtaani, ngazi zenye giza kama tumbo la ng'ombe, nimekaa dawati moja na vijana wa miaka ishirini na moja, na nimeandika noti mpaka vidole vikakataa kukanda unga. Darasani tulikuwa ishirini. Nimekuwa wa pili. (Wa kwanza ni Chebet, ambaye hana watoto wala goti linalolia kama mlango. Kwa hesabu yangu tumetoka sare.)

Sasa shida.

Nina miaka arobaini na tisa na nywele nzuri sana. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Nene, ndefu, hazikatiki, kichana kinaingia kikitetemeka. Lakini ni nyeupe. Si mvi za kuhesabu moja, mbili, tatu. Nyeupe kama ugali wa harusi. Na miaka yote hazikunisumbua, mpaka Alhamisi nilipokuja chuoni kuchukua joho langu.

Mlangoni kulikuwa na sekretari mpya. Hakunitazama mara mbili.

"Wazazi ni Jumamosi, mama," akaniambia. "Leo tunaona wanafunzi."

"Mimi ni mwanafunzi."

Akacheka, kwa heshima kabisa, vile unavyomchekea mzee aliyejaribu mzaha. "Mwambie akuje achukue mwenyewe. Anaitwa nani?"

"Anaitwa Awinja. Na amekuja."

Akashusha kidole kwenye orodha. Hakikushuka mbali, jina langu ndilo la kwanza. (Kuanza na herufi A ni mzigo. Tangu utotoni mimi ndiye wa kwanza kuchanjwa, wa kwanza kuulizwa maswali, wa kwanza kuchapwa.) Akaomba radhi, akanipa joho. Halafu akanionyesha jinsi ukumbi utakavyokaa: wahitimu mkono wa kushoto, wazazi mkono wa kulia. Nilipokuwa natoka, nikamsikia akimwambia yule mwenzake wa kuwaonyesha watu viti: "Ule mama ni mwanafunzi, sawa? Jumamosi usimpeleke kwa wazazi."

Jamani! Miaka miwili ya ngazi zile, halafu mtu anatoa tahadhari juu yangu kama sakafu iliyodekiwa! Nikaapa palepale. Jumamosi hakuna mtu atakayenielekeza kiti cha wazazi. Nitaingia na kichwa cheusi, niketi kushoto, na kila mtu ajue mimi ni mhitimu bila kuambiwa.

Nikashuka moja kwa moja mpaka duka la vipodozi lililo chini ya chuo chetu.

"Nataka rangi nyeusi ya nywele."

"Ya mzee?" muuzaji akauliza.

"Ya mwanafunzi."

Akanitazama kichwa, akaelewa uzito wa kazi, akaingia nyuma kabisa ya duka. Akarudi na pakiti ya unga. "Hii ndiyo kusema, mama. Hii inadumu. Hata ukizikwa leo, wakikufukua bado ni nyeusi."

Hayo maneno yashikeni. Tutayarudia.

Nilipofika Kangemi nikapita kwa rafiki yangu Nyambura, mwenye saluni karibu na kwangu, nimringie pakiti. Nyambura amesuka vichwa vya mtaa mzima. Akanisihi nije Jumamosi alfajiri anipake yeye.

"Nyambura," nikamwambia, "mimi nimesoma usalama wa chakula, nimesoma vipimo, nimesoma joto la mafuta mpaka digrii ya mwisho. Rangi ya nywele itanishinda?"

"Haya, msomi," akasema, mkono kiunoni. "Basi nisikie. Hizo nywele zako ni mali, usiniharibie. Moja, jaribu kidogo nyuma ya sikio leo, ukae siku mbili uone kama ngozi itawasha. Mbili, kama umeweka dawa ya kulainisha juzi juzi, ngoja. Tatu, mafuta ni ya pembeni, kwa paji la uso na masikio. Nywele zenyewe ziwe safi, kavu. Ukishasuuza rangi maji yatoke meupe, hapo sasa ndio uzilishe mafuta vile unataka. Umeshika?"

"Nimeshika."

Na nilishika! Usiku ule nilijaribu nyuma ya sikio. Hakukuwasha. Dawa ya kulainisha sijaweka tangu mwaka jana. Mbili juu ya tatu, hiyo ni asilimia sitini na sita, kwetu chuoni umepasi. Ile ya tatu ndiyo niliyoisikia nusu. Nilisikia neno mafuta. Yaliyobaki nikajaza mwenyewe.

Msinihukumu haraka. Nyinyi akina mama mnajua saluni zetu. Kabla ya kuwekwa dawa ya kulainisha, unapakwa mafuta ya mgando kichwa kizima. Usipopakwa, unaungua mpaka unawaona mababu zako wakikupungia mkono. Binamu yangu Trufena alirukiwa hatua hiyo, na mpaka leo anavaa kofia ya kufuma hata Januari. Kwa hivyo kichwani mwangu sheria ni moja, haina mjadala: mafuta kwanza. Dawa ni dawa. Sikujua kuna dawa inayotaka kuingia na dawa inayotaka kuzuiwa.

Leo asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa tayari nimefunga taulo mabegani.

Nikaanza na chakula cha nywele, kwa sababu nilitaka ziingie vitani zikiwa zimeshiba. Parachichi mbili, alizonichumia Madam mwenyewe kwenye mti wake kule Loresho aliponipa ruhusa ya leo. Mayai mawili. Kijiko cha asali. Nikaponda, nikapaka, nikakaa nusu saa nikisikia nywele zikishukuru. Halafu nikasuuza kwa maji ya birika.

Maji yalikuwa moto.

Mnajua mayai yakikutana na maji moto? Mimi najua. Mimi nimefanya mtihani wa mayai nikapata alama za juu kuliko mtu yeyote katika historia ya chuo kile! Na bado nikasimama bafuni nikitoa vipande vya mayai yaliyoiva, kimoja kimoja, kwenye nywele zangu. Binti yangu Mercy, wa miaka ishirini na nne, akachungulia na mtoto mgongoni.

"Mama, mbona unanukia staftahi?"

"Toka."

Tulichana dakika arobaini. (Wacheni niseme kweli, nywele zilibaki laini kama pamba. Mapishi yalikuwa sahihi. Moto tu ndio ulizidi.)

Zilipokauka nikafika kwenye hatua yangu kuu. Mafuta. Nikamimina nusu chupa ya mafuta ya nyonyo, kutoka mizizi mpaka ncha. Juu yake nikapaka mafuta ya mgando, tabaka nene, kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni. Mercy alikuwa ameketi akisoma ile pakiti.

"Mama, hapa wameandika nywele ziwe bila mafuta."

"Hiyo ni ya nywele za Wazungu. Zetu zinakula."

"Mama, kuna picha ya mwanamke Mwafrika."

"Mercy, kati yangu na wewe ni nani anahitimu leo?"

Akaiweka pakiti chini. Ni binti mwenye adabu. Ningekuwa na binti mkaidi, leo singekuwa hapa saiba.

Nikachanganya ule unga na maji kwenye bakuli la plastiki, nikavaa glavu za jikoni, nikapaka kwa mswaki wa zamani, nikafunga juala kichwani na kungoja saa nzima. Niliposuuza, maji yakatoka meusi. Beseni la pili, meusi. La tatu, meusi. La tano, meusi kama kahawa ya msiba, na saa ilikuwa inakimbia. Nikasema imetosha, hii ni ile iliyozidi tu. Taulo likawa jeusi. Hiyo pia nikasema ni iliyozidi.

Halafu nikajitazama kwenye kioo.

Jamani. Jamani! Nyeusi! Inang'aa! Nzi angetua angeteleza akavunjika mguu. Miaka ishirini ilikuwa imetoka usoni mwangu ikaondoka bila kuaga. Mercy mwenyewe alifunika mdomo akasema, "Ai, Mama, kumbe tunafanana."

Tukafika chuoni saa nne na nusu. Pale mlangoni pa ukumbi alisimama yule kijana wa viti, mwenye tahadhari yake. Akanitazama. Akamtazama Mercy, ambaye alikuwa amemwacha mtoto kwa jirani. Akatabasamu, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wahitimu wote wawili, karibuni huku."

Wote wawili! Mnasikia? Wote wawili! Ikabidi Mercy ndiye ajieleze. "Mimi ni wa huyu. Mimi nakaa kwa wazazi." Akaenda kuketi kulia katikati ya akina mama na mikoba yao, na mimi nikaketi kushoto, mstari wa mbele, kiti cha kwanza. Kama dunia ingeisha dakika ile ningekuwa mwanamke aliyeshinda kila kitu.

Kando yangu aliketi Kevo Barasa, wa pili kwenye orodha na wa mwisho kwenye matokeo, kijana mwenye mdomo usio na mlango.

"Niaje, mathe! Leo umetokelezea! Nilidhani umetuma mdogo wako."

"Heshima, Kevo."

"Hapana, ni ukweli. Na mbona nasikia harufu ya chapati?"

Yalikuwa ni mafuta yangu yakipata moto. Mnajua ukumbi wetu ni ghorofa ya juu kabisa, na juu yake ni mabati. Jua la saa tano lilikuwa limelala pale juu kifudifudi. Na kichwani nilikuwa na ile kofia ya mahafali ya pembe nne, nzito, yenye bitana, inafunika kama sufuria ya pilau. Na nini hutokea ukifunika mafuta na kuyaweka motoni? (Somo la joto la mafuta. Alama themanini na tisa.)

Lakini kwanza nikaitwa. "Awinja, Rispa!" Nikapanda jukwaani. Mkuu wa chuo akanipa mkono na cheti. Na kutoka kule kwa wazazi Mercy akasimama juu ya kiti akapiga vigelegele na sauti ya kufika Kitisuru: "Mama yanguuu! Huyo ni mama yangu!" Akina mama wote wakageuka kunitazama upya, wakipiga hesabu. Sikujali. Cheti kilikuwa mkononi. Kina jina langu, kina muhuri, na hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani.

Nikarudi kuketi. Hapo ndipo nikasikia kitu kikitembea kwenye paji la uso, polepole, kama mdudu mwenye nafasi. Nikatoa kitambaa cheupe nikapangusa.

Kitambaa kikawa cheusi.

Kevo akainama sikioni pangu.

"Mathe," akanong'ona, "unavuja."

Nikapangusa shingo, nikapangusa masikio, nikazama chini ya kofia kama kobe. Nikapanga. Kofia haitoki kichwani. Naketi, sicheki, sitingishiki, sherehe inaisha, nashuka ngazi, naenda nyumbani nikiwa mhitimu mwenye siri. Mpango mzuri. Ungefaulu kabisa kama sisi tungekuwa watu wa kumaliza sherehe bila maombi.

Akasimama Mchungaji Elijah. Suti nyeupe. Viatu vyeupe. Kitambaa cheupe kifukoni. (Nilihesabu vyote.)

"Wahitimu wote, njooni mbele! Hatuwezi kuachilia hawa watu ulimwenguni bila kuwawekea mikono! Pangeni mstari kwa orodha! Na mvue hizo kofia, nataka mkono uguse kichwa, sio kitambaa!"

Kwa orodha. Herufi A. Mnakumbuka?

Akaja mbele yangu. Nikashika kofia kwa mikono yote miwili.

"Mchungaji, mimi niombee tu kwa mbali."

"Mama, baraka haitumwi kwa posta! Toa kofia."

Nikatoa. Akawa ameshafumba macho. Mchungaji Elijah ni mtu wa kuomba na mwili mzima. Hasimamishi mikono, anaikanda. Akanishika kichwa kama anayechagua tikiti maji sokoni. Akaombea mikono yangu, akaombea jiko langu, akaombea sufuria ambazo bado sijanunua. Akisema "mwinue!" anavuta. Akisema "mtulize!" anakandamiza. Nilihisi mafuta yakiondoka na rangi ikiondoka nayo, kama gari la moshi na mabehewa yake. Niliombewa masaa mawili. (Dakika tatu.)

"Amina!" Akaniachilia. Bado amefumba macho, akapiga hatua ya kando, akaweka viganja vyote viwili kwenye uso wa Kevo Barasa.

Nilifungua jicho moja. Kwenye paji la Kevo kulikuwa na mkono mzima. Vidole vitano. Ungeweza kusoma mistari ya kiganja. Halafu Chebet, wa kwanza darasani, aliyelipia vipodozi vya uso asubuhi hii: mkono shavuni, mkono kwenye paji. Halafu aliyefuata. Halafu aliyefuata. Wote wamefumba macho, wote wanasema amina, wote wanatoka weusi kama mafundi wa jiko. Wazazi nao wameinamisha vichwa, wanaomba kwa bidii. Katika ukumbi mzima aliyekuwa anaona ni mimi peke yangu.

Ningesema alipokuwa kwa Kevo, ningewaokoa kumi na wanane. Lakini kusema ni kutangaza. Kutangaza ni kurudi kiti cha kulia. Kwa hivyo nikavaa kofia yangu upesi, nikaomba na mimi: Bwana, hawa watu wafumbe macho hivyo hivyo mpaka Jumatatu.

Na rangi haikuisha! Nilitegemea itaisha kwa mtu wa saba. Wapi! Muuzaji hakunidanganya, ilidumu. Ila hakuniambia itadumu kwa nani.

Wa ishirini alikuwa Wafula. Kijana mpole, haongei, mama yake amesafiri kutoka Bungoma na gauni jeupe alilolishona kwa siku hii. Mchungaji akamalizia kwake, akapaza "Aminaaa!", akajipangusa jasho la uso kwa kiganja, na watu wakafungua macho.

Kevo akamtazama Chebet akaangua kicheko. Chebet akamnyooshea Kevo kidole akacheka zaidi. Kila mmoja anamcheka mwenzake, hakuna anayejijua. Halafu mama mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu! Watoto wetu wamefanywa nini?" Mwingine akainua mikono, "Ni ishara! Ni ishara!" Mkuu wa chuo akaketi bila kuangalia kama kuna kiti.

Mchungaji akatazama viganja vyake. Akatazama suti. Alikuwa na vidole vitano juu ya moyo, mahali alipojishika kwa hisia. Akainua macho kwa mtu wa mwisho aliyemgusa.

"Kijana," akamwambia Wafula, "wewe unafanya kazi ya makaa?"

Na Wafula, maskini, ndugu yake anauza makaa hapo Kangemi. Wikendi humsaidia kubeba magunia. Darasa zima linajua. Akajishika kichwa, akatazama mikono yake, akaanza kusema, "Lakini nilioga, Mchungaji. Nilioga mara mbili." Kule nyuma mama yake alikuwa ameacha kupiga makofi. Alikuwa anakunja kitambaa chake, polepole, anaangalia chini.

Ah, jamani. Hapo ndipo kiti cha kulia na kiti cha kushoto vilipokosa maana. Mtu hawezi kupata cheti kwa jasho la miaka miwili akakitia doa kwa kumwachia mtoto wa mwenzake lawama. Nikapiga hatua mbele. Nikavua kofia.

"Ni mimi," nikasema. "Ni rangi ya nywele. Nilitanguliza mafuta."

Sikujiona, lakini Mercy amenieleza. Katikati ya kichwa, pale mikono ilipofanya kazi, palikuwa peupe kabisa, na pembeni peusi pande zote. Anasema nilifanana na chapati iliyoungua kingo.

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Walicheka mpaka mabati yakalia. Mama wa ishara alicheka. Mama wa Wafula alicheka akajifuta machozi kwa kile kitambaa alichokuwa anakunja. Mkuu wa chuo alipatikana chini. Mimi nilisimama tu, cheti kifuani, nikingoja ardhi ifunguke, na ardhi ya ghorofa ya nne haifunguki upesi.

Mchungaji Elijah akanijia. Nikasema sasa nalaaniwa.

"Mama," akasema, mabega yakitikisika, "miaka ishirini mimi ndiye napaka watu mafuta. Leo mtu amenipaka mimi."

Ndipo akaingia mpiga picha. Alikuwa ameshuka chini kubadilisha filamu, hakuona lolote. Alisimama mlangoni, akatazama zile nyuso za mikono, akaamua kwamba hayamhusu. Wapiga picha wa River Road wameona mengi.

"Haya, picha ya darasa! Wahitimu peke yao!" Akaweka jicho kwenye kamera. Akalitoa. "Mama mwenye kichwa cheupe, mzazi wetu, hebu songa kando kidogo, uwaachie vijana."

Ndivyo hivyo. Parachichi, mayai, nusu chupa ya nyonyo, mabeseni matano, halafu neno ni lile lile la Alhamisi. Niliinua mguu nisonge, sitadanganya.

Kevo akanishika joho.

"Buda, songa wewe!" akamwambia mpiga picha. "Huyu si mzazi wa mtu hapa. Huyu ndiye namba moja. Bila yeye hakuna orodha."

"Amekuwa wa pili," Chebet akasahihisha. (Chebet ni Chebet.) "Lakini akae katikati."

Wafula, aliyekuwa hajaongea darasani tangu tujiandikishe, akaleta kiti akakiweka katikati kabisa. Mtu akaja na ndoo ya maji na sabuni, Kevo akamfukuza. "Hatunawi! Tunapigwa hivi hivi! Hii ni muhuri wa darasa!" Wakajipanga nyuma yangu, kumi na tisa, kila mtu na mkono wake usoni, wakatoa vifua. Na mimi nikaketi mbele, kofia mapajani, kichwa nje, nikacheka meno yote.

Nilipotoka nje nikampigia Nyambura simu nikamweleza yote. Alicheka mpaka mteja wake akauliza kuna nini. Alipopata pumzi, akauliza swali moja tu, la kikazi.

"Zimekatika?"

Nikapitisha vidole. Nikavuta. Nikavuta tena kwa nguvu.

"Hata moja, Nyambura. Hata moja!"

"Basi njoo Jumatatu nikupake rangi vizuri. Kavu. Bila mafuta."

Nikamwambia nitafikiria, ila sidhani. Mtu akinielekeza tena kwa wazazi nitampa cheti asome, na nitamngoja amalize.

Picha itakuwa tayari katikati ya wiki, na inaenda ukutani, juu ya meza ya chakula. Mkija kuiona, naomba msicheke. Mwenye kichwa cheupe na uso safi ndiye mhitimu. Mzazi ni yule anayeonekana pembeni kabisa, amekunjika kwa kicheko, na anaitwa Mercy.